Tulipoifungia Kompyuta Mlango

Nilikuwa karani pekee wa mfanyabiashara mmoja wa pamba pale Bariadi, miaka ile chama cha ushirika kilipoacha kuwa mnunuzi wa peke yake na kila mwenye lori na mizani akaingia sokoni. Bosi wangu alikuwa ameanza maisha kwa kuuza ng'ombe minadani. Pamba aliijia ukubwani. Ofisini tulikuwa na kompyuta moja, iliyopata intaneti kwa waya wa simu, ili tuandikiane barua pepe na wanunuzi wa Dar es Salaam. Bosi nilimwita baba, maana alikuwa rika la baba yangu kule nyumbani Shishiyu. Yeye aliniita binti.

Msimu ule shida yetu ilikuwa moja. Kila tukipandisha bei, washindani wetu wa ng'ambo ya barabara nao walipandisha kabla chai haijapoa. Baba akaanza kuitazama kompyuta kwa jicho baya.

"Binti, hiki kitu kikiwaka kinaongea na watu?"

"Kinaongea na kompyuta nyingine, baba."

"Kinaziambia nini?"

Baba akamwita fundi kutoka Mwanza, naye akatuwekea programu ya ulinzi. Tangu hapo, chochote ndani ya kompyuta kikitaka kwenda kwenye intaneti, kisanduku kilitokea kwenye kioo kikitaja jina lake na kule kinakokwenda, halafu kikauliza: kiruhusiwe au kikataliwe?

"Nyingine zinazuia vinavyoingia," fundi alieleza. "Hii inamsimamisha anayetoka."

"Huyu ndiye anayejua wizi," baba akasema. "Ng'ombe haibiwi akiingia zizini. Anaibiwa akitoka."

Akavuta kiti karibu na changu, akawa bawabu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mimi nilisoma na yeye aliamua.

"Huyu nani?"

"Ni saa ya kompyuta. Inataka kuuliza ni saa ngapi."

"Ukutani kuna saa. Kataa."

"Huyu ni kinga ya virusi. Anataka kufuata dawa mpya."

"Ya zamani imeisha?"

"Haijaisha."

"Amalize kwanza. Kataa."

Kikaja kimoja kilichonisumbua hata mimi. "Huyu anakwenda humu humu, baba. Kompyuta inajipigia yenyewe."

Baba alifikiri. "Mama mkwe wangu naye huongea peke yake, na hajawahi kutuibia. Ruhusu."

Barua pepe aliikataa kwa hoja nzito. Ilikaa na barua zetu zote, alisema, basi ndiyo inayojua mengi kuliko wote. Haikupita muda, wanunuzi wa Dar wakapiga simu kuuliza kama tumefunga biashara. Nikamsihi, akairuhusu huku akiikodolea macho.

Na bei ikaendelea kuvuja.

Asubuhi moja nilikwenda kunywa chai kwa mama aliyeuza chai na vitumbua nje ya geti letu. Hapo ndipo mahali pekee ambapo simu ya mkononi ya baba ilishika mtandao. Kwenye benchi walikaa vijana wa wale washindani. Baba akatoka na simu yake, na mmoja wao akanong'ona, "Nyamazeni, tusikie." Vijiko vikatulia vikombeni. Baba akampigia wakala wake wa kununua pamba kule Nkololo, akamtajia bei kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo ingefika Nkololo hata bila simu. Kijana mmoja akaacha kitumbua chake, akavuka barabara.

Nilimwambia baba. Hakuamini, akaenda kumuuliza mama wa chai mwenyewe.

"Mayu, wewe unajua bei yetu ya leo?"

Akaitaja bila kugeuka. "Sikumuuliza mtu, baba. Umesema mwenyewe, tena mara mbili, maana wa Nkololo hakusikia ya kwanza."

Baba alirudi ofisini. Baada ya muda nikamsikia akicheka peke yake. "Kesho nitawapa wanachokitaka," akasema.

Kesho yake akasimama palepale na simu sikioni, akatangaza bei ya juu ambayo hakuna mtu mwenye akili angenunulia pamba. Benchi zima likaondoka. Akaingia ndani anang'aa, akaagiza chai.

"Baba," nikamuuliza, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Na wakala wa Nkololo."

Kikombe kikasimama hewani.

Alikimbia getini kupiga tena, lakini mtandao ulikuwa umekata. Uliporudi, wakala, mtu mtiifu sana, alikuwa ameshaitangaza bei ile mbele ya mizani. "Nilishangaa, mzee," alisema, "lakini ulivyosema kwa mkazo, nikajua umeamua."

Kuirudisha chini haikuwezekana; Nkololo ndiko ukweni kwa baba, na bei iliyotangazwa mbele ya wakwe haishushwi. Washindani nao walikuwa wameshapandisha, na hawakuthubutu kushusha peke yao. Wakulima wakaleta pamba hadi kutoka Sola. Baba akasimama getini akipokea salamu zao za "mwangaluka" na baraka kwa uso wa mtu anayeumwa jino. Mkulima mmoja wa makamo akamletea jogoo, kwa kuwa, alisema, baba ndiye tajiri wa kwanza kumkumbuka mkulima. Baba akampokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima zote, kisha akaniambia nikamtafutie jogoo kamba, asije akatoka.