Mwendo wa Mazishi

Ngurumo alipiga tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya kiwanda cha saruji, lile linalomzunguka mpigaji kama chatu aliyeshiba. Mchana alishona midomo ya magunia. Jioni alijaza pumzi kwenye shaba. Watu walimpisha njiani, na yeye akahesabu kuwa ni heshima.

Kila mwaka kiwanda kiliadhimisha siku ya kutofilisika kwake, na bendi ikapanda mlima ikipiga, kutoka langoni hadi ofisi za wakubwa. Mwaka uliopita Ngurumo alikaa chini katikati ya mlima. Wimbo uliendelea bila besi, kama meza iliyokatwa mguu.

“Mwenzangu,” mkuu wa bendi alimwambia mwaka huu, “ukikaa tena, tarumbeta nampa mpwa wangu. Wewe nitakutafutia kengele.”

Basi Ngurumo akaanza kukimbia alfajiri. Kosa lake lilikuwa la kibendi: hakujua kwenda popote bila wimbo, na wimbo aliouchagua ni ule wa kuingilia uwanjani, wa kasi kuliko yote. Kona ya pili ilimkuta amekumbatia nguzo ya umeme, moyo ukigonga kama mgeni aliyeona taa inawaka ndani.

Dada yake mkubwa, nesi, alikuwa anatoka zamu.

“Unafukuzwa na nani?”

“Nakuza mapafu, dada.”

“Mapafu hayakui, we! Mtu mzima mapafu yake ni hayohayo, hata ukimbie mpaka kesho. Wa kufundishwa ni moyo. Na misuli ya kuvutia pumzi, na hiyo miguu yako iliyolala.”

“Moyo ufundishwe nini?”

“Kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Sasa hivi unachota kwa kikombe. Uuzoeshe, utachota kwa ndoo. Lakini si kwa mbio za mwizi! Uende mwendo ambao bado unaweza kunisengenya. Hamna wimbo wa polepole?”

Ngurumo akafikiri. “Upo wa mazishi.”

“Basi jizike.”

Akajizika karibu kila alfajiri, akivuma wimbo wake puani. Jirani mmoja alitoka mlangoni akavua kofia. Wengine walimuuliza mkewe kafiwa na nani. “Hajafiwa,” alijibu mkewe, “anapona.”

Miezi ikapita. Njia ikarefuka yenyewe, ngazi za kiwandani zikapungua ukali, na mkewe akaripoti kuwa hata kukoroma kwake kumepata mpangilio. Dada alimshika kifundo cha mkono akiwa ametulia kitini, akatazama saa, akaguna.

“Moyo wako umekuwa mvivu.”

“Yarabi! Mbaya hiyo?”

“Uvivu wa bosi huo. Kazi ileile, mapigo machache.”

Siku ikafika. Mkuu wa bendi alitangulia na fimbo yake; hakubeba kitu kingine isipokuwa cheo. Nyuma alifuata mpwa, amekwisha kuvaa glavu za kupokelea tarumbeta. Walipofika pale pa mwaka jana, fimbo ndiyo ilianza kulegea. Wimbo ukayumba. Ngurumo akavuta pumzi mpaka mkanda ukalalamika, akaachia besi, moja, nyingine, kila moja mahali pake. Ngoma ikamfuata yeye, bendi ikafuata ngoma, na mlima, kwa kukosa msaidizi, ukasalimu amri.

Juu, wakubwa walipiga makofi. Mkuu alifika baada ya wimbo kwisha, ameegemea bega la mpwa, ambaye glavu zake hatimaye zilipata kazi.

“Ngurumo,” alihema, “tarumbeta… kaa nalo. Ila niambie… unafanyaje?”

“Kesho alfajiri nipitie nyumbani, mkuu.”

Asubuhi yake jirani aliwaona wawili wakipita, wakivuma wimbo uleule. Akavua kofia, akarudi ndani kumwamsha mkewe.

“Mama, vaa,” alisema. “Huu msiba ni mzito. Safari hii hata mkuu wa bendi amekuja.”