Hita ya Lori na Safari ya Mama Upareni

Enzi zetu pale Kisarawe hakuna aliyewahi kwenda dukani kununua joto. Joto lilikuwepo tu, kama vumbi na kunguru. Miezi michache ya kipupwe lilipopungua tulilipata kwenye jiko la mkaa, kwenye kikombe cha chai ya mchaichai, au kwa kubanana watoto wote kitandani chini ya blanketi moja lililonuka moshi. Ndiyo maana mwaka huu, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nilipojikuta nazunguka Kibaha nzima nikitafuta hita ya kuweka ndani ya gari, nilijiona nimechanganyikiwa. Wenye maduka waliniona hivyo hivyo.

Nianze na gari lenyewe. Kaka yangu Elia alikuwa na Hiace iliyobeba watoto wa shule. Alipochoka na kazi hiyo aling'oa viti vyote, akampa fundi mmoja hapa kwetu mtaa wa Picha ya Ndege aweke kitanda, kabati dogo na pazia. Likawa gari la kulala. Shida iliyomfanya afanye hivyo ilikuwa moja, kumpeleka mama yetu milimani Upare alikozikwa baba. Mama sasa ni mzee na nyonga inamsumbua. Nyumba ya baba kule imebomoka, ya baba mdogo iko bondeni ambako gari halifiki, na kwa mguu Mama hawezi. Kaburi liko juu, kando ya barabara. Mama akasema atalala humo humo garini, karibu na mumewe, hata kama ni usiku mmoja. Lililobaki likawa baridi.

Baba alikuwa bwana shamba. Aliletwa Kisarawe kushughulika na mikorosho ya watu, akamkuta Mama, binti wa Kizaramo wa kule Masaki ya Kisarawe, si ile ya Dar, anaimba kwaya kanisani, na habari za kurudi kwao zikaishia hapo. Yeye baridi ya Kisarawe hakuiona kabisa. Nakumbuka asubuhi za Julai ukungu umelala juu ya vilima, sisi tunatimka kuwahi kuhesabiwa namba shuleni, masweta ya kijani yametoboka viwiko, midomo imepauka na miguu haina viatu. Baba yuko uani kifua wazi, mswaki mdomoni, anatutazama tunavyojikunyata. "Hii ndiyo mnayoiita baridi?" anauliza. Kisha anatuhadithia kwamba kwao mtu akisema shikamoo asubuhi, moshi unamtoka mdomoni, na akiitikiwa marahaba unatoka mwingine. Tulicheka mpaka tukachelewa. Mama, akiwa amejifunga khanga mbili na ya tatu kichwani, alikuwa na jibu lake la kila siku. "Mwongo mkubwa baba yenu. Nendeni shule."

Lakini tusikisingizie kipupwe, tulikipenda. Kilitupa sababu ya kukaa karibu na moto. Jioni tukishacheza kombolela mpaka majina yetu yaitwe kwa ukali, tulikusanyika nyuma ya nyumba kuchoma korosho kwenye kipande cha debe kilichotobolewa. Mafuta ya maganda yanaruka, moto unalipuka, na mwenye haraka anaungua midomo, kesho yake darasani anajulikana. Tulikula mihogo ya kuchoma yenye majivu, na majivu hayo hayo tukajipaka tuonekane wazee. Wajukuu zangu wa leo wanavaa masweta yenye kofia katikati ya jua la Kibaha, feni inawapepea, na wanasema huo ndio mtindo. Ukiwapa muhogo wenye majivu wanauliza kama umeoshwa.

Baba alifariki mimi nimeshaanza kazi. Tukampeleka kwao. Ilikuwa Juni, na ndiyo mara ya kwanza Mama kufika kule, maana kila mwaka Baba alimwahidi kumpeleka na kila mwaka likatokea jambo. Baridi ile haikumpa nafasi hata ya kulia. Alitetemeka meno yakagongana, na kina mama wa pale, kwa huruma tu, wakamshika mikono wakamwingiza jikoni aote moto. Alipopata nguvu za kusimama, nyimbo zilikuwa zimekwisha na watu wananawa mikono. Tulirudi Pwani. Hakulisema jambo hilo mwaka hadi mwaka, nasi tukadhani limepita.

Kumbe halikupita. Siku moja mwaka huu tumekaa uani kwangu anachagua mchele, akasema bila kunyanyua uso, "Baba yenu alizikwa mimi niko jikoni naota moto." Kisha akaendelea kutoa chenga na vijiwe. Mimi na Elia tulitazamana. Niliumia, nasema kweli. Kuanzia siku hiyo habari ya hita ikaacha kuwa mzaha, maana tungempeleka Mama kule, baridi imshike tena, tena aingizwe jikoni, sidhani kama angekuwa na safari nyingine.

Basi nikaanza kutafuta, na hapo ndipo akili iliponivurugika. Mailimoja niliingia duka lililojaa feni kuanzia sakafuni hadi darini. Nikaomba hita, kijana akanipa kile chuma cha kuchemshia maji ya ndoo. Nikamweleza kwamba nataka ya kutia joto ndani ya gari. Akaniangalia, akaangalia jua nje, akaniuliza taratibu kama nimekuja na mtu. Nyumbani binti yangu Neema akafungua simu kunionyesha wazungu wanaolala kwenye magari katikati ya theluji. Wana hita za umeme, za gesi, za dizeli, mmoja hata ana jiko la kuni lenye bomba. Kila mmoja anasifu ya kwake na kuponda ya mwenzake. Ya umeme inamaliza betri, ya gesi inalowesha madirisha, ya dizeli inanguruma. Bei ya zile mpya Elia alipoiona aliilaza simu kifudifudi mezani.

Elia alitaka kile kichwa cha kuota moto kinachofungwa juu ya mtungi wa gesi, maana ni rahisi na mtungi tunao. Mama mmoja wa jumuiya yetu akashauri tuingize jiko la mkaa, kidogo tu, tufunge mlango. Neema akasema bibi anunuliwe blanketi la umeme. Nami kila aliyesema nilimwona ana haki. Nalala nimeamua gesi, naamka nataka blanketi, mchana nafikiria kumvisha Mama makoti yote ya ukoo na kumwachia Mungu.

Wakati tumekwama hivyo, Elia akaenda kutafuta taa ya nyuma ya Hiace kwenye yadi moja ya barabara ya Morogoro, wanakokata malori chakavu yaliyotoka Ulaya. Geti la yadi lilikuwa limezuiwa lisijifunge na chuma kama kisanduku, chenye mabomba mawili, na juu yake jiwe. Akauliza ni nini. Mwenye yadi akamwambia hata yeye hana uhakika, vinakuwa chini ya kitanda cha dereva, anasikia huko kwao ni vya kuleta joto kwa dizeli, hapa wanaving'oa na kutupa kwa sababu nani atavitaka. Bei aliyotaja ilikuwa ya chuma chakavu. Elia akanipigia simu pale pale. Hakujua kama ameokota dhahabu au kitu cha kutuulia mama.

Aliileta tukaiweka mezani. Nikaizunguka kama mtu anayepima mbuzi. Elia akanionyesha, kama alivyosoma kwenye simu, kwamba yale mabomba mawili yote yanapitishwa sakafuni kwenda nje ya gari, moja la kuvuta hewa na moja la kutoa moshi, na ndani inaingia hewa ya moto tu. Nikaacha kuisikiliza habari ya mitambo. Nilikuwa nimekumbuka magunia ya Baba.

Ilikuwa wakati mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa. Mama alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kule Masaki, nasi tukaambatana naye kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Kwa kawaida za kule, mzazi analazwa kwenye kitanda cha kamba na makaa yanawekwa chini kwenye kigae, apate joto mwili urudi. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya udongo, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na mwanya unaozunguka nyumba nzima. Baba akaja kutoka kazini, akausikia upepo unampiga mkewe na mtoto. Mtu wa milimani huyo, kwao nyumba inafungwa upepo usipate hata pa kuchungulia. Akachukua magunia ya korosho, akaziba mwanya wote pande zote, akasimama kando anajipongeza.

Bibi akarudi kisimani. Sasa kwa adabu za kwetu za zamani mama mkwe hamfokei mkwewe, hata kumtazama usoni ni shida. Bibi alitua ndoo, akasimama katikati ya uwanja, akayageukia magunia. "Nyie magunia, nani kawatuma mje kuiziba pua nyumba yangu? Moto uvute wapi, na mwanangu avute wapi?" Akawa anayachomoa moja moja, kila moja analiuliza kwao ni wapi na kama huko kwao hawafundishwi. Baba alikuwa nyuma ya nyumba ananoa panga ambalo lilishanolewa asubuhi. Sisi tulijificha kwenye khanga kucheka, na Mama kule kitandani alicheka huku kashika tumbo, anaomba watu wanyamaze atapasuka.

Miaka yote hadithi hiyo tuliisimulia kwa kicheko. Siku ile mezani ndiyo mara ya kwanza niliposikia swali lenyewe la Bibi. Hiace haina mwanya juu ya ukuta. Kile kichwa cha gesi kingevuta pumzi ile ile anayovuta Mama, na jiko la mkaa ndiyo kabisa. Nikamwambia Elia tuchukue hii ya geti. Fundi wa magari akaifungua, akaisafisha, akabadilisha vilivyooza na kuifunga, nami nikasisitiza kwamba hata hivyo dirisha litabaki wazi kidogo. Akasema sawa mama, kwa sauti ya mtu anayetaka nikae mbali.

Tukaijaribu uani kwangu, mchana, jua la kupasua kichwa. Mama ndani kitandani kavaa sweta, mimi na Elia pembeni yake, mlango umefungwa. Hita ikakohoa, ikatoa moshi chini ya gari, ikaanza kunguruma. Majirani walitoka mbio wakidhani gari linaungua, na Neema akaanza kuwaeleza, akashindwa, akawaambia ni mambo ya familia. Jasho likatutiririka. Elia alivua shati. Mama akafuta uso kwa ncha ya khanga na kusema, "Hapa sawa. Nipelekeni."

Tulisafiri Julai, tukapita Chalinze, Mombo, hadi Same, kisha tukaanza kupanda. Usiku tuliegesha barabarani karibu na kaburi, Mama akalala garini nami kando yake, hita inanguruma kama paka, na nilipomgusa miguu ilikuwa ya moto. Asubuhi alitaka kushuka mapema. Ukungu ulikuwa umefunika migomba yote. Baba mdogo alikwishapanda kutoka bondeni, na alipomwona tu akamsalimia, "Shemeji, karibu jikoni uote moto."

"Asante shemeji," Mama akasema. "Leo nina joto langu."

Maneno yalimtoka na moshi. Aliuona. Akasimama na fimbo yake, akapuliza tena taratibu, akautazama unavyopotea kwenye ukungu. Kisha akatembea mpaka kaburini, akajikaza kuinama, tukataka kumshika akakataa. Akachukua udongo kiganjani, akaurusha juu ya kaburi kama wanavyofanya watu siku ya maziko.

"Kumbe hukuwa mwongo, Baba Elia," akasema.

Alikaa hapo kwa muda aliotaka mwenyewe. Mimi nililia, na Elia akajifanya anakagua matairi.

Sasa Hiace imeegeshwa uani hapa Picha ya Ndege na wajukuu wameifanya nyumba ya kuchezea. Wananiuliza kwa nini gari la Kibaha lina hita, nami nawaambia habari za kipupwe cha Kisarawe, blanketi moja kwa watoto wote, bibi mmoja aliyegombana na magunia, na mahali ambapo mtu akikusalimia moshi unamtoka mdomoni. Enzi zetu watoto wa mtaa mzima wangekusanyika kusikiliza. Hawa wanatazamana, wanavuta kofia za masweta yao, wanacheka.

"Bibi mwongo," wanasema. Nawaacha waseme.