Maji ya Mawe Matatu

Usiku ule nililala na hasira, na mtu akilala na hasira asiwalaumu wafu wakimjia.

Mchana kutwa nilikuwa naendesha nyumba ya magurudumu katikati ya jangwa la Chalbi. Nyumba kweli: kitanda, jiko, friji, hata bafu. Walioikodi ni bosi mmoja na mkewe kutoka Nairobi, na mimi dereva nikakodiwa pamoja nayo. Kufikia saa tano asubuhi kila mmoja alikuwa ameoga mara mbili. Saa nane tanki likakauka. Jangwani! Nikanyamaza, maana mdomo wangu huu umeshanifukuzisha kazi mara mbili.

Sasa, sisi madereva wa huku tuna desturi yetu. Mahali tunapopaita Mawe Matatu, njia inapogawanyika, huwa kuna pipa dogo la maji. Mtu haligusi ila akiwa amekwama, na anayepita na maji ya ziada hulijaza. Hakuna anayelilinda. Basi bosi akaliona.

"Simama hapo, Musa. Gari limejaa vumbi, picha za madam hazitatoka vizuri."

Nikamweleza pipa lile ni la nini. Akacheka. "Nani atakufa kiu leo? Kesho utalijaza." Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaliinua pipa nikayamaliza maji yote kuosha vioo na ubavu mzima wa gari mpaka ukang'aa, madam akapigwa picha. Jioni tulifika kambini, tukajaza tanki kisimani, bosi akaoga tena. Mimi nikatandika mkeka wangu nje.

Ndotoni ni mchana tena. Naendesha, jua liko utosini, nikasikia bomba linafunguliwa huko nyuma. Nikageuka. Aliyekaa jikoni ni Guyo. Guyo ndiye aliyenifundisha kuendesha kwenye mchanga, na tulimzika Marsabit miaka mitatu iliyopita, mimi mwenyewe nilishika jembe. Anafungua bomba, anafunga, anafungua tena. Maji yanampita vidoleni, midomo yake imepasuka, na hanywi.

Wallahi nilikasirika. Mtu amekufa miaka mitatu, hajanijia hata siku ya Idi, leo anakuja kuchezea mabomba!

"Kunywa basi, Guyo," nikamwambia.

"Si yangu."

Mara hatumo garini. Tuko chini ya lori letu la zamani, ekseli imekatika, siku ya pili hakuna aliyepita, kama ilivyokuwa kweli mwaka ule wa ukame. Ulimi wangu umekauka kama soli ya kiatu. Guyo anarudi kwa miguu kutoka Mawe Matatu, pipa begani. Ananiinua kichwa, ananinywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo, kama mtoto mchanga. Hivyo ndivyo alivyoniokoa. Ila safari hii anainamisha kifuniko na kinatoka vumbi. Anainamisha tena. Vumbi.

"Nani ameyamaliza?" anauliza.

"Ni bosi! Mimi ni mfanyakazi tu, Guyo. Ningefanyaje? Watoto wangu wale nini? Wewe ungefanyaje?" Nampigia marehemu makelele, sina hata haya.

Guyo hapigi kelele. Naye enzi za uhai wake alikuwa mtu wa kelele, jamani, aliweza kutukana tairi mpaka ukalionea huruma. Leo ananisogelea tu. Halafu anaushika mkono wangu wa kulia, anaugeuza. Kiganja kimelowa.

"Bosi hakuijua kiu," akasema. "Wewe ulikunywa pale."

Akawa anakwenda zake, nami namfuata mchangani na miguu hainyanyuki. Bila kugeuka akasema, "Kuna mtu anakuja kwa miguu, Musa. Wewe umelala."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Kwanza nikamtukana Guyo, kisha bosi, kisha nikafika kwangu mwenyewe, na hapo sikuona tusi linalotosha.

Sikubisha hodi. Nikapanda, nikawasha gari wao wakiwa wamelala humo humo ndani. Shimo la tatu lilipotutupa, bosi akatokea na pajama, ameshikilia ukuta.

"Wewe Musa! Una wazimu? Tunaenda wapi?"

"Tunarudi Mawe Matatu."

"Nitampigia tajiri wako, kazi huna!"

"Mpigie. Ukipata mtandao niambie, na mimi nina maneno naye."

Tulifika jua likiwa limeshapanda. Pipa nililiacha wima. Sasa lilikuwa limelala chini, kifuniko kiko kando, na limezungukwa na nyayo za kandambili, za mtu mmoja, mbichi, upepo haujazigusa. Zilitoka kaskazini. Mbele ya pipa palikuwa na alama za magoti mawili. Kisha zikaondoka kuelekea kusini, ambako ukienda siku nzima hukuti kisima.

Nikafungua tanki, nikalijaza pipa hadi juu. Bosi aliteremka, akachuchumaa penye zile alama za magoti. Akasema kwa sauti ya matangani.

"Lakini si alikunywa hata kidogo?"

"Alikunywa nini, bosi?"

Madam alikuwa mlangoni amejifunga shuka. "Twende," akasema. "Mbona tumesimama?"

Nikageuza gari, tukazifuata nyayo.