Yai Juu ya Biskuti za Mama Pasi

"Hivi mwenzangu, kuku walikukosea nini, hata mayai yao huli?" jirani mmoja alimuuliza zamani, wamekaa mlangoni wanachambua mchele. Mama Pasi hakuinua hata kichwa.

"Mimi ndiye niliyewakosea," akasema, akaendelea kutoa mawe.

Jina hilo tulimpa kwa ajili ya kazi yake. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, na kamba imejaa mashati ya watu. Suruali ikitoka kwake imenyooka mpaka unaona haya kuikalia. Ni mpole, lakini mdomo anao. "Nguo nanyoosha," husema, "wenyewe ndio wamenishinda."

Kabla ya pasi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuangulia vifaranga. Baba yao alikuwa amefariki, mdogo wake wa kiume yuko shuleni, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumsomesha. Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua. Wa kike kwenye kreti, wa kiume kwenye pipa, kwa sababu jogoo hatagi na chakula anakula. Pipa likijaa, linafunikwa wafie humo.

"Wanalia mpaka kifuniko kinatetemeka," aliniambia siku moja, ameshika shati la mtu na pasi imepoa mkononi.

Alivumilia mpaka mdogo wake alipomaliza masomo, kisha akaacha kazi. Akaacha na mayai na nyama. Baadaye akaacha na maziwa, maana alisema huko nako kuna ndama anaondolewa kwa mama yake. Hakumhubiria mtu. Alikula chake, basi.

Furaha yake ilikuwa biskuti za Krismasi. Kila mwaka alikwenda kuziokea kwa huyo mdogo wake, kwa sababu kule kuna oveni kubwa, nami jirani yake nilifuatana naye kumsaidia. Anaponda ndizi mbivu mpaka iwe uji, anatia mafuta ya nazi, sukari, tangawizi na mdalasini, kisha unga kidogo kidogo. Hazina yai, hazina siagi, hazina tone la maziwa. Anakata kwa mdomo wa glasi, juu anapaka maji ya sukari. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakiiba hata unga mbichi.

Mwaka jana wifi yake, mke wa huyo mdogo wake, alisimama nyuma yetu mikono kiunoni.

"Wifi, mbona zimepauka hivyo? Kama magoti ya mtoto wa shule!"

"Hazijaja kupigwa picha, wifi yangu. Zimekuja kuliwa."

"Na wageni wangu je? Watasema hapa kwangu kuna njaa."

Tukacheka wote. Mvua ikaanza kudondoka, tukakimbia uani, mimi na Mama Pasi, kuanua nguo. Tuliporudi trei zilikuwa tayari ndani ya oveni. Wifi alisema ametusaidia. Tukamshukuru! Zilipotoka ziling'aa kama viatu vya bwana harusi. Mama Pasi akafurahi, akadhani ni maji yake ya sukari.

Sebuleni wageni walikuwa wamekaa. Akaombwa kusali, akasali. Akala moja, akala ya pili. Ndipo wifi akasimama na kisosi chenye maganda ya yai.

"Jamani, mashahidi ninyi! Wifi yangu amekula yai na hajafa!"

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Na aliyecheka kuliko wote ni mdogo wake, ameshika tumbo.

"Dada, miaka yote hii ulikuwa unajitesa bure!"

Mama Pasi alimtazama yeye peke yake. "Ulijua?"

"Aa dada, mzaha tu. Kiini kimoja kimepakwa juu."

Nikamwambia mdogo wake, "Hili si jema." Hakuna aliyenisikia. Mama Pasi alikuwa ameshatoka, yuko bafuni anatapika, na wao wanamwita kupitia mlangoni arudi asiwaharibie sikukuu.

Mimi huwa naomba nisiwe na hasira, lakini kwa hili bado ninayo, na Mungu anaiona. Kiini kimoja! Ni kama mtu amefunga, wewe umtie chakula kinywani kwa hila, kisha uite watu waje kucheka? Tena huyo mdogo wake. Sare aliyovaa shuleni ilitoka kwenye lile pipa. Alijua kila kitu, maana usiku dada yake alikuwa akishtuka usingizini na yeye ndiye aliyelala naye chumba kimoja. Wifi naweza kusema ni ujinga. Yeye nimwite nini?

Mama Pasi aliosha bakuli lake, akachukua kifimbo chake cha kusukumia unga, tukaenda kwa miguu kwenye mvua mpaka kwake. Tangu hapo hajakanyaga kule. Wifi anatangaza mtaani kuwa amenuna kwa ajili ya yai. Uongo! Alidanganywa na watu wa nyumba yake akiwa ametoka kuwaombea, halafu wakamcheka.

Juzi mdogo wake alinisimamisha nje ya kanisa. Krismasi imekaribia, watoto wanauliza biskuti za shangazi, je, atakuja lini kuoka? Kama vile hakuna kilichotokea. Nilifikisha salamu hizo. Mama Pasi alisimamisha pasi yake, akafikiri, akanipa jibu nilipeleke:

"Mwambie naomba aje mwenyewe, asitume mtu. Awaite wale wale waliocheka, na mbele yao aseme kwamba nilitendewa vibaya."