Nguo ya Kitu Kisichojulikana

Agneta Nasimiyu alikuwa akishona turubai mjini Kitale tangu mwaka wa tisini na nne. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya msikiti, na sakafu yake ilikuwa pana kuliko ya duka la mtu yeyote pale, kwa sababu turubai la lori la mahindi lazima litandazwe lote ndipo ulikate. Kazi hiyo alifundishwa na Mzee Salman, ambaye alikuwa ameshonea malori tangu kabla ya Uhuru, hadi macho yakamwishia. Siku hizi mzee aliketi mlangoni tu na kusikiliza cherehani. Uzi ukilegea alijua kabla ya Agneta mwenyewe.

Katika kazi hiyo Agneta alijifunza kulitambua gari kwa nguo yake. Mletee turubai lililochakaa, atakwambia ni la lori la aina gani, linabeba nini, na dereva wake hufunga kamba kwa mkono upi. Watu wa Endebess na Kachibora walimjua kwa sababu hiyo. Hakuwahi kuuliza mteja maswali mengi.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2008, siku chache baada ya wanajeshi kupelekwa Mlima Elgon kuwasaka wanamgambo, Landrova ya jeshi ilisimama mbele ya kibanda. Akashuka sajenti mmoja mrefu, jina lake Kimaiyo, pamoja na dereva mwenye mvi aliyeitwa Kimeli. Walibeba furushi la turubai la kijani lililoraruka katikati. Wakalitupa sakafuni.

"Mama, tunataka mpya kama hii. Ijumaa tunachukua."

Agneta akalitandaza. Akalizunguka mara moja, akalizunguka tena. Upande mmoja ulikuwa na mkono mrefu kama wa koti, lakini mpana kiasi cha kuingia mtu mzima akijikunja. Ubavuni palikuwa na uvimbe uliotoka nje kama nundu. Chini zilining'inia ndimi tatu za kitambaa zenye pete za shaba za kupitishia kamba, na mbili kati yake zilikuwa zimeshonwa kwa uzi tofauti.

"Hii ni ya kitu gani, afande?"

"Ya kufunika."

"Kufunika nini?"

"Kitu," Kimaiyo akasema. "Wewe fuata ile ya zamani, bana. Usiongeze, usipunguze."

Walipoondoka, Agneta alimshika Mzee Salman mkono, akampeleka akalipapase lile turubai. Mzee alilipapasa kwa muda mrefu, akaingiza kichwa ndani ya ule mkono, akatoka.

"Sijawahi kuona gari lenye mwili huu," akasema. "Lakini usihangaike. Nguo kuukuu haisemi uongo. Pima hiyo, kata hiyo."

Agneta alipima. Hata hivyo hakujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi, na fundi asiyejua mbele hawezi kujua maji ya mvua yatateremkia upande gani. Akaamua kulitoa nje barabarani na kulijaza. Aliazima magunia ya maganda ya mahindi kwa jirani, akayasukuma ndani, akasimamisha ule mkono kwa mti wa kuanikia nguo. Kitu kikasimama pale barabarani, kikubwa, kijani, kikiwa kimenyoosha shingo kuelekea stendi.

Watu wakajaa. Khadijo, mke wa Mohamud muuza misumari, akasema ni kama ngamia aliyelala. Kijana mmoja wa stendi akasema, "Ati hamjui? Hiyo ni mzinga, maze. Inapiga kutoka hapa mpaka Uganda." Mwingine akasema mzinga hauna nundu, hiyo ni mashine ya kusikiliza simu. Kila mtu alikuwa na uhakika. Agneta peke yake, aliyekuwa ameshika futi ya kupimia mkononi, hakuwa na uhakika. Akaanza kutoa maganda ya mahindi.

Alasiri hiyo simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, Mama Nekoye, aliyeishi juu ya Chwele, pale mlima unapoanza.

"Agineta, wanasema unashonea jeshi."

"Nani amesema, mayi?"

"Watu wa soko. Sasa niambie. Haya magali yanapita hapa yamefunikwa, yamebeba nini? Ni ya kutulinda ama tukimbie? Jirani zangu wananiuliza, wanasema mimi ndiye mwenye mtoto anayejua."

Agneta aliangalia turubai miguuni pake. "Sijui, mayi."

"Hujui, na wewe ndiye unaivalisha?"

"Sijui kabisa."

Agneta alisikia kuku wakilia kule upande wa pili. Kisha simu ikakatika, asijue kama ni mtandao au ni hasira.

Ijumaa turubai jipya likachukuliwa. Jumatatu likarudishwa. Kimaiyo alilibwaga mlangoni, uso umekunjamana.

"Haiingii. Mkono uko upande mbaya. Na hapa kwa tumbo inabana."

"Nimefuata ile ya zamani, afande. Haya, pima."

Wakapima pamoja, ncha kwa ncha. Yalikuwa sawa kama mapacha. Sajenti akavua kofia akajikuna. Agneta akachanganyikiwa zaidi: nguo ya zamani ilikuwa sahihi, mpya ilikuwa sahihi, na bado kitu hakikuingia. Mzee Salman, aliyekuwa kimya kitini, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona ile ya zamani ikiwa imevalishwa. Kimaiyo akairudisha kofia kichwani.

"Nguo hukatwa kwa mwili," Agneta akasema. "Nipelekeni nikione."

"Haiwezekani, mama."

"Basi tafuteni fundi mwingine."

Hakukuwa na fundi mwingine wa turubai wa kiasi hicho hapo Kitale, na sajenti alijua. Asubuhi iliyofuata walimchukua kwa Landrova mpaka kambi iliyopigwa kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji. Walimsimamisha mbele ya kitu kilichofunikwa kwa mablanketi, moja juu ya jingine, na juu yake shuka mbili za hospitali. Askari wawili walisimama kando.

"Pima hapo juu," Kimaiyo akamwambia. "Usifunue."

Agneta akatoa futi. Alipima urefu, akapima kiuno, akapitisha mikono chini ya nundu. Kupitia blanketi alihisi chuma, kisha kitu cha duara, kisha mahali laini palipobonyea kama kiti. Ubavu mmoja ulikuwa na joto, na mwingine ulikuwa baridi kama mtungi. Palinuka dizeli, na chini ya dizeli palinuka kitu kama sabuni. Shingo ilikuwepo kweli, ila ilielekea chini, wala si mbele kama alivyoisimamisha kule barabarani.

Kimeli dereva alipita karibu yake akijifanya anafunga kamba. "Ni ya maji, mama," akanong'ona. "Inasafisha maji ya mto. Usiogope."

Agneta akavuta pumzi. Kumbe ni maji! Lakini alipofika upande wa pili, askari mmoja aliyelinda alimwambia kwa sauti ya chini, "Angalia mkono wako hapo. Hiyo ikiteguka inakata mtu." Kifaa cha maji kinakata mtu vipi? Aliandika namba zake kwenye karatasi haraka, hata saba ikafanana na moja.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake ameketi kwenye kitanda chake, na kuku wanne wamefungwa miguu chini ya meza. Mama Nekoye alikuwa ameshuka na majirani wengine. Wao walibaki kwa jamaa zao Kamukuywa, yeye akaendelea hadi Kitale.

"Ulisema hujui," mama akamwambia. "Nikafikiri, kama Agineta hajui, hakuna anayejua. Nikaja."

"Leo nimekishika kwa mikono yangu yote miwili, mayi."

"Ehe?"

"Na bado sijui."

Mama akaanza kuwafungua kuku kamba.

Agneta alilishona upya lile turubai kwa vipimo alivyochukua juu ya mablanketi, na safari hii likaingia. Alishangaa kwamba alifurahi. Aliona fahari ya fundi, na papo hapo akaona aibu, kwa sababu mama yake alikuwa amelala sakafuni kwake kwa kukimbia magari yaleyale. Alipojaribu kuzitenganisha fahari na aibu, hakujua mwisho wa moja ni wapi.

Wiki iliyofuata Kimaiyo akaja na karatasi ya kazi ya mengine manne. Agneta hakuigusa karatasi.

"Afande, niambie jambo moja tu. Mama yangu anaishi Chwele. Hiki kitu kinakwenda kufanya nini huko?"

Sajenti akatazama nyuma kuona kama Kimeli yuko karibu. Akaketi juu ya robota la turubai.

"Mama, mimi ni mtu wa stoo," akasema. "Nimepewa namba ya kitu na namba ya nguo yake. Nguo ilikuwa ya namba nyingine, ndiyo maana haikuingia. Chenyewe sijakiona kikiwa wazi. Kimeli anasema maji. Wengine wanasema mengine. Mimi pia nina mama, yuko Kapsowar, kila jioni ananiuliza niko wapi na nafanya nini. Namwambia nahesabu mablanketi."

Mzee Salman akaomba chai, na Agneta akammiminia sajenti pia.

Alishona mawili. Alipoanza la tatu, ile kambi ikahamishwa, na Landrova haikurudi tena. Kitambaa cha kijani kilichobaki alikikunja akakiweka juu ya kabati, asijue kama ni mali yake au ya serikali.

Mwezi wa nane Mama Nekoye akasema inatosha, anataka kwake. Agneta akamsindikiza. Nyumba ilikuwa imesimama, ila mlango ulikuwa umeng'oka bawaba na shamba lilikuwa limejaa magugu hadi magotini. Jirani yao Emmy, ambaye hakukimbia siku zote hizo, akaja kuwaamkua.

"Huyu ndiye alivalisha magari yale," Mama Nekoye akamwambia kwa majivuno.

"Mimi nililiona moja bila nguo," Emmy akasema. "Lilivutwa na lori, likapita hapa kwa mto. Lilikuwa na shingo mbili."

"Mbili?" Agneta akauliza. "Una hakika?"

"Mbili, na magurudumu sita. Na mtu alikuwa amekaa juu yake anakula ndizi."

Agneta akafungua mdomo amwambie yeye alishona mkono mmoja wa shingo, tena mmoja tu katika kila turubai. Akaona hana ushahidi wowote, hata wa kujiridhisha yeye mwenyewe. Mama yake alikuwa tayari ameinua upande mmoja wa mlango na kuwaita waje kumsaidia. Wakaenda wote wawili, Emmy akishika chini na Agneta akishika juu, wakautafutia mlango fremu yake.