Mieleka Kwenye Kichanja cha Kahawa

Juzi huko Mkumbi niliwakuta ndugu wawili wakichambua kahawa kwenye kichanja kimoja walichoachiwa na marehemu baba yao. Wote ni wagonjwa wa mieleka ya kwenye runinga, ila hawasemezani tangu wagombanie mpaka wa shamba. Mkubwa akaniambia, bila kuinua macho, "Mwambie huyo, yule mwanamieleka aliyempiga mwenzake kiti mgongoni, juzi wamepatana."

Mdogo akatupa punje mbovu. "Mwambie kaka, kule kuna mtu anayewaandikia wapatane."

Nilipeleka maneno hivyo mchana kutwa, na mikono yao inagusana kwenye kahawa. Mieleka ni maigizo, tunajua. Ugomvi wa hawa ndio wa kweli, na refa wao tulishamzika.