Mtandio Uliooshwa Vizuri Mno

Katika mtaa ule, ukitaka kumuudhi Mama Mng'aro, mpelekee shati lenye doa umwambie alipige pasi hivyohivyo. Utajuta. Atakupandisha na kukushusha mbele ya wateja, kisha shati lako ataliloweka utake usitake. Alikuwa dobi tangu usichana wake, miaka thelathini na ushee ndani ya chumba kimoja chenye madirisha mawili, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na mabeseni saba yaliyopangwa kwa ukubwa. Sabuni ilikuwa imemla vidole mpaka alipokwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho walimrudisha mara tatu. Alijivunia jambo hilo utadhani kapewa nishani.

Kwake yeye uovu haukuwa na mapembe. Uovu ulikuwa ni kupiga pasi juu ya uchafu. Joto hulizamisha doa kwenye nyuzi, nguo ikaonekana nadhifu, na mwenyewe akatembea kifua mbele huku amevaa uchafu usiotoka tena. Akilieleza hilo, mishipa ya shingo inamsimama. Mumewe, fundi umeme asiyependa maneno mengi, alishikilia kwamba uovu ni kumwamsha mtu aliyelala, basi, hakuna mwingine. Na kinyozi wa chumba cha jirani alisema uovu mkubwa duniani ni umbeya. Alikuwa akilisema hilo katikati ya umbeya, wembe mkononi, wala haya hana.

Sasa, mtaa wa pili aliishi mpima ardhi mstaafu, mzee mrefu, mkimya, aliyefiwa na mkewe karibu mwaka mzima uliopita. Aliishi na mke wa mwanawe, wao wawili tu, kwa kuwa mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu: wiki mbili yupo, miezi miwili hayupo. Chumbani kwa mzee, kwenye msumari nyuma ya mlango, ulining'inia mtandio wa zambarau wa marehemu. Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, mzee aliusogeza puani akavuta pumzi, ndipo siku yake ikaanza. Mkaza mwana alilijua hilo. Nyumba ilikuwa ndogo na milango yake haifungi sawasawa.

Siku moja alipokuwa akifagia aliona nondo wameanza kula pindo la ule mtandio. Roho ilimuuma. Akaenda kwa seremala, akachongewa kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kubana, ampe mzee siku ya kutimia mwaka wa msiba. Ila pindo lilikuwa limejikunja vibaya, halikai. Mzee alipotoka kwenda kumwona daktari, binti huyu akauchukua mtandio haraka haraka mpaka kwa dobi.

"Mama, naomba usiuoshe," alimwambia. "Pasi ya vuguvugu tu, hapa kwenye pindo. Usiuoshe kabisa."

Mama Mng'aro akaitikia haya, mwanangu, rudi baada ya saa mbili. Lakini macho yake yalikuwa yameshatua penye doa la mafuta, pale mtandio unapogusa paji la uso. Doa la siku nyingi, limekomaa. Mikono ikamuwasha. Akajisemea watoto wa siku hizi hawajui kitu, huyu akiuona umetakata atashukuru mwenyewe. Akauchovya, akauzungusha kwenye maji matatu, akauanika mahali penye upepo. Kazi aliyoifanya siku ile, jamani, tusimnyime haki yake, ilikuwa kazi ya kutukuka.

Binti aliporudi aliuchukua, akaunusa, akaunusa tena. Halafu akakaa palepale sakafuni penye maji. Mama Mng'aro akamuuliza kulikoni. Binti akaukunja mtandio, akaondoka nao.

Kesho yake asubuhi mzee alisimama mlangoni kwa dobi, mtandio mkononi. Hakupaza sauti. Aliuliza tu ni nani aliyesema uoshwe.

Hapo palitaka maneno matatu tu. Mama Mng'aro alikuwa nayo mdomoni. Lakini wateja walikuwepo, kinyozi ameshatoa kichwa dirishani, na maneno yaliyomtoka yakawa mengine.

"Mzee, hapa ni kwa dobi. Nguo ikiletwa, inaoshwa."

Wala si uongo, sivyo? Mzee alitikisa kichwa taratibu. Akasema mtu wa kuipeleka harufu ya mke wake ikaoshwe ni mtu mwovu, na hajui jina jingine la kumpa. Akaondoka zake.

Nyumbani, binti hakujitetea. Alilelewa hivi: mkweo akikasirika unainamisha kichwa, na mama wa watu humtupii lawama hata kama ni zake. Tena alijua aliuchukua mtandio bila ruhusa. Basi akafyata mdomo. Siku ya tatu kinyozi alileta habari, moto moto kama kawaida yake: mzee amemwambia binti arudi kwao mpaka mumewe atakapokuja, na Jumamosi anaondoka. Mume akija, nani ajue atasikia nini na kuamini nini?

Mama Mng'aro alishikwa na homa isiyo na jina. Ijumaa aliunguza kola ya shati la bwana harusi. Mumewe akamuuliza mke wangu una nini, akamwambia yote, kuanzia "usiuoshe" mpaka lile jibu la mlangoni. Alijua alichofanya, asingoje kuambiwa. Aliuona uchafu wake mwenyewe, akaupitishia pasi, na sasa mtoto wa watu ndiye anayetembea nao.  Mumewe akasema, kwa upole, ataweka saa ya kengele ili yeye mwenyewe amwamshe mapema, awahi kwa mzee. Kwa mtu yule, hayo yalikuwa mapenzi makubwa.

Jumamosi Mama Mng'aro alimkuta mzee sebuleni kwake, redio imezimwa. Binti amesimama karibu na mlango, begi miguuni. Mama Mng'aro alijikaza, hakuketi.

"Mzee, huyu aliniambia nisiuoshe. Aliniambia mara mbili. Nikauosha kwa kiburi changu, na uliponiuliza nikakuzunguka. Mwovu unayemtafuta ni mimi."

 Mzee akauliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibiwa kwamba alikuwa na hofu. Watu wote wanamjua kwa usafi. Mzee akamgeukia binti: na yeye kwa nini alikaa kimya siku zote hizo? Binti akasema mtandio aliuchukua bila kuomba, na hilo kosa ni lake, halina mwingine. Akaeleza habari ya nondo. Akaeleza kisanduku.

Mzee alijifunika uso kwa viganja. Machozi yakampitia kati ya vidole, mbele ya wanawake wawili, bila kuyaficha.

"Nimekudhulumu, mwanangu," alisema. "Lakini harufu yake ndiyo imekwenda. Sina tena mahali pa kumpata."

Binti akapiga magoti kando ya kiti chake.

"Ilikuwa mafuta ya nywele, Baba. Mama alikuwa anayachanganya mwenyewe. Mafuta ya nazi, karafuu tano, na maganda ya chungwa yaliyokauka. Miezi ile ya mwisho mikono yake haikuinuka, akanifundisha. Nilikuwa nampaka kila asubuhi kabla hujaamka. Hakutaka uone anapakwa na mtu."

 Miaka arobaini mzee alilala kando ya harufu ile asijue ilitoka wapi, na mtu pekee aliyejua alikuwa amemfungisha begi. Akainuka kwa kushikilia ukuta, akalichukua begi mwenyewe, akalirudisha chumbani kwa binti. Mama Mng'aro alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, lakini mzee alipotoka alimwonyesha kiti, akae.

Kisha akamuuliza binti maganda ya chungwa hukaushwa siku ngapi.

"Tatu, Baba. Jua likiwa zuri."

Mzee akatoka uani kuliangalia jua.